Ukurasa wa Nne

Kazi ya kutafsiri hulipwa kwa neno, na hasira hailipwi kabisa. Ingekuwa inalipwa, mimi leo ningekuwa na nyumba ya ghorofa pale Garsen, na wapangaji wawili wasumbufu wa kuongezea.

Nieleze kwanza Kihispania nilikipata wapi, maana kila mtu huniuliza, na wengi huniuliza kwa sauti ya kunishuku, kana kwamba nilikiiba dukani. Nilikwenda Uhispania kumtunza mzee. Nilikaa naye miaka sita. Alikuwa amefanya kazi benki tangu ujana wake, katika ofisi ya watu wanaonunua na kuuza fedha za kigeni, na mimi nilipofika macho yake yalikuwa yamekwisha na miguu ilikuwa imekataa. Nilimwosha, nikamlisha, nikamkata kucha, na kila asubuhi baada ya kahawa nilimsomea kurasa za fedha gazetini. Nikikosea neno alinirudisha. Nikilisoma vizuri lakini bila kulielewa alijua, nadhani sauti ilinisaliti, basi alinisimamisha akanieleza kwa ukali mpaka likaniingia. Watoto wake walikuja Jumapili moja moja wakamwambia apumzike. Hakutaka kupumzika. Alitaka mtu wa kubishana naye juu ya bei ya dola, na mtu huyo alikuwa mimi.

Ndivyo mimi, binti wa Hewani, kijiji cha kando ya mto Tana, niliyeishia kidato cha nne, nilivyojifunza kinga ya fedha. Jambo lenyewe si kubwa kama wanavyolifanya. Mfanyabiashara anajua kwamba miezi sita ijayo atalipa kwa fedha ya nchi nyingine. Hajui siku hiyo fedha hiyo itakuwa imepanda au imeshuka. Anaogopa. Basi anakwenda benki, wanafunga bei leo kwa ajili ya siku ile, naye anarudi nyumbani kulala. Wahispania huiita cobertura, kama kumfunika mtu shuka. Waingereza wanaiita hedge, yaani ua uliopandwa kuzunguka boma. Mmoja anajifunika, mwingine anajizungushia miti, na wote wawili wanaogopa kitu kilekile.

Siku moja nilimsimulia mzee habari za mamangu. Nilimwambia mama ana mashamba matatu. La kwanza liko ukingoni mwa Tana, la pili liko bondeni ambako maji hutuama, na la tatu liko mbali, kwenye mkondo wa zamani ambao mto uliuacha kabla sijazaliwa. Mto ukijaa sana, la bondeni linazama. Mvua ikikataa, la bondeni ndilo pekee lenye unyevu. Na mto ukiamua kuumega ukingo, kama unavyopenda kufanya, la ukingoni linakwenda na maji, likabaki lile la mbali. Kila msimu mama hugawa mbegu yake mara tatu, hata kama mbegu ni kibaba kimoja. Watu walimcheka kwa lile la mbali, saa nzima kwa miguu, akienda kupalia mistari michache ya mahindi na kufukuza nyani. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mamangu angefaa kukaa kwenye meza yake benki kuliko wengi aliowaajiri. Nilifurahi kwa wiki nzima.

Mzee alifariki na mimi nikarudi nyumbani. Sikurudi na mali, nilirudi na Kihispania, kitu ambacho Garsen hakiuziki sokoni. Nilikaa karibu mwaka nikiwasaidia mama na ndugu yangu aliyebaki nyumbani, na kusikiliza majirani wakinihurumia. Ndipo akanipigia simu bwana mmoja wa kampuni ya matunda. Namba yangu alikuwa ameipata kwa rafiki yangu wa hoteli moja ya Malindi. Alisema wenye kampuni ni Wahispania, wananunua maembe yaliyokaushwa, karatasi zao zinakuja kwa Kihispania, lakini benki na wakili wa hapa wanataka Kiingereza. Je, niliweza? Nilisema naweza. Alinitumia fomu ya kuahidi kwamba nitakachokisoma sitakisema kwa mtu. Niliitia sahihi. Hakuniuliza ninakaa wapi wala ni binti wa nani, na mimi sikumwambia, kwa sababu namba ya simu haina kijiji.

Kazi niliifanyia Garsen, katika saiba, duka la kompyuta za kukodi, la mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akiuza simu upande mmoja na maziwa ya ngamia upande mwingine. Alinitengea kompyuta iliyo karibu na feni na kumfukuza yeyote aliyeikalia. Kwake mimi nilikuwa daktari wa karatasi. Wiki za mwanzo nilitafsiri hati ndogondogo, stakabadhi, vyeti vya afya ya mimea, barua za kulalamikia katoni zilizolowa. Baadaye ukaja mkataba.

Nilifungua faili, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaona jina la kikundi cha akina mama wa kijiji chetu. Chini yake jina la mwenyekiti. Mamangu.

Lazima niseme kikundi hicho kilikuwa na nini, maana ndicho kitu chote kilichokuwa hatarini. Kilikuwa na banda la kukaushia maembe. Akina mama ishirini walikuwa wamelijenga kwa miaka minne, kwa kuuza mikeka, kwa kupika kwenye arusi za watu, kwa kulima vibarua, mpaka wakanunua mashine ya kukaushia inayotumia jua na trei zake za wavu, moja baada ya moja. Walilijenga juu ya mwinuko ambao mafuriko hayafiki. Kabla ya banda hilo, maembe ya Hewani yalikuwa yanaoza chini ya miembe mpaka nyuki wanalewa. Mtu wa lori akifika alitaja bei yake nawe ukaipokea, kwa sababu embe halisubiri. Embe lililokaushwa linasubiri. Kwa mara ya kwanza maishani mwao akina mama hawa waliweza kumwambia mnunuzi arudi kesho.

Mkataba ulisema hivi. Kampuni itanunua kwa bei iliyofungwa, kwa shilingi. Kwa kuwa kampuni ina yuro na italipa shilingi, itazinunua shilingi hizo mapema benki, kwa bei ya leo, za kutosha mavuno yote. Kisha fungu la tisa: kikundi nacho kitaleta mavuno yote, si baadhi bali yote. Kikileta pungufu, kitabeba gharama ya kuivunja kinga kwa kiasi kilichopungua. Na kisipolipa gharama hiyo, mashine na trei vitachukuliwa na kampuni.

Nilitafsiri vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilitafuta kila neno, nilikumbuka mzee alivyonifundisha, nikaandika Kiingereza ambacho hata yeye angekisikiliza bila kunirudisha. Nilijiona mtu. Nilikaa pale chini ya feni nikijisifu kwa jinsi nilivyolipanga fungu la tisa, fungu ambalo lilikuwa kamba kwenye shingo ya mamangu. Sikumwambia. Nilijipa sababu tatu. Nilikuwa nimetia sahihi ya siri. Bwana wa kampuni angekuja kuwaeleza mwenyewe, hiyo ndiyo kazi yake. Na ya tatu, ambayo sikuisema hata moyoni, ni kwamba nilipenda kuwa na kazi ambayo kijiji hakiijui. Baada ya mwaka wa kuhurumiwa nilikuwa na kitu changu.

Yule bwana alikuja kweli, kwa gari jeupe, na unga na sukari kwenye buti. Alikuwa mtu wa Nairobi, mwenye adabu, shati limenyooshwa, na sauti yake niliijua kwenye simu. Sikujitambulisha. Mama alikuwa ameniambia nigawe chai, basi nilishika birika nikapita nyuma ya safu za viti. Kwetu mgeni hahojiwi kabla hajala, na huyu alikula akiwa ameshika ufunguo wa gari mkononi. Alipomaliza alisimama.

"Mama zangu, hii ni karatasi ya kawaida tu. Bei yenu imefungwa, haiwezi kushuka, hata shilingi ifanye nini. Mambo ya benki mtuachie sisi. Nyinyi leteni maembe. Si tumeelewana?"

Wakasema wameelewa. Kurasa kumi na moja nilizozitafsiri kwa siku tano alizieleza kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Mkataba wenyewe, Kiingereza changu, ulipitishwa mkono kwa mkono ili kila mmoja auone. Mama mmoja aliugeuza nyuma kutazama kama upande wa pili kuna maandishi. Mtoto, hata mwenye mvi mbili tatu, haingilii baraza la mamake bila kuitwa, na mimi sikuitwa. Nilisimama na birika. Mama akatia sahihi, wenzake wakafuata, wengine kwa kalamu na wengine kwa dole gumba, na mimi nikapita tena kumwongeza mgeni chai.

Msimu ukafika. Ulikuwa mwaka wa maji mengi. Mto ulipanda, mashamba ya bondeni yakazama, barabara ikakatika kisha ikafunguliwa, lakini miembe ilizaa. Siku ya kuchambua niliwakuta akina mama wamepanga marundo mawili.

"Hili la nani?" nikamwuliza mama.

"Hili la kampuni, tutakausha. Lile ni la lori ya Mombasa."

"Kampuni imekubali?"

Mama aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Yule bwana alisema tupeleke maembe. Tunapeleka maembe. Lakini embe yote kwa mtu mmoja? Akiamka na wazimu, sisi tule nini? Wewe nimekuzaa wapi, si hapa?"

Wenzake wakacheka. Hakuna mkulima wa Tana ambaye angefanya vingine. Ukimpa mtu wa hapa mbegu umwambie aimwage yote shamba moja, atafikiri unamtakia njaa. Walikuwa wamefanya kile mama anachofanya kila msimu, kile ambacho mzee wangu alikisifu, na kwa kufanya hivyo walikuwa wameuvunja mkataba katikati kabisa. Kampuni ilijikinga kwa kuahidiwa yote. Akina mama walijikinga kwa kutotoa yote. Nililiona hilo palepale, wazi, nikiwa nimesimama kati ya marundo mawili. Nikasema, "Haya." Neno moja. Kwa neno hilo sikulipwa, lakini lilitugharimu zaidi ya maneno yote niliyolipwa.

Kampuni ilichukua nusu, ikalipa nusu, ikanyamaza. Nikaanza kuamini kwamba hawatajali. Katika miezi hiyo shilingi, ambayo kila mtu alikuwa ameizika, ilifufuka. Dola ikashuka, yuro ikashuka. Watu wenye ndugu ng'ambo walilalamika kwamba pesa za kutumiwa zimepungua. Mimi kwa mazoea ya mzee nilizifuata bei hizo kila siku kwenye simu, bila sababu yoyote, kama mtu anayefuata mpira wa timu iliyohama.

Kisha asubuhi moja nikakuta barua pepe. Kurasa nne. Yule bwana ameandika juu yake: "Tafsiri kurasa tatu za kwanza. Ya nne ni kiambatisho tu, ni ya faili, usijisumbue nayo."

Ilikuwa barua ya madai kwa kikundi. Mmevunja fungu la tisa. Mmetulazimisha kuifunga nusu ya kinga kabla ya wakati. Gharama yake ni hii, na ilikuwa kiasi ambacho akina mama ishirini wasingekipata hata wakiuza mikeka mpaka wajukuu wazeeke. Msipolipa kwa wiki tatu, tutakuja kuchukua mashine na trei.

Nilitafsiri kurasa tatu. Nilikuwa nimemkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia mama kwa marundo yake mawili. Nilimkasirikia yule bwana na kikombe chake kimoja cha chai. Nilimkasirikia mzee wangu kaburini kwa kunifundisha maneno haya. Mimi mwenyewe nilijiacha mwisho, kama mtu anayejua deni lake liko wapi. Nilipomaliza niliufungua ukurasa wa nne, kwa sababu nimekatazwa na kwa sababu najua kusoma.

Ilikuwa hesabu ya benki ya kuifunga ile nusu ya kinga. Mistari minane. Wa mwisho ulisema: matokeo, faida kwa mteja.

Mteja wa benki ni kampuni. Nikausoma mara tatu. Kisha nikalitazama ukutani tangazo la maziwa ya ngamia mpaka kichwa kikatulia, nikausoma tena.

Nitaeleza kama nilivyoeleza baadaye bandani. Umekwenda kwa mwenye duka ukafunga bei ya magunia kumi ya mahindi, utayachukua baada ya miezi sita. Siku ikafika, bei ya mahindi imepanda sokoni, na wewe unahitaji matano tu. Matano mengine unayauza kwa bei mpya. Umepata hasara au faida? Mtoto wa darasa la pili atakujibu. Kampuni ilinunua shilingi zikiwa rahisi, zikapanda, na nusu ambayo haikuihitaji iliiuza zikiwa ghali. Marundo mawili ya mama yaliwatia pesa mfukoni. Na watu hao, wakiwa na faida yao kwenye karatasi yenye muhuri wa benki, walikaa chini wakaandika kurasa tatu za kudai fidia ya hasara, kisha wakaibandika ile karatasi nyuma kwa uvivu, kwa sababu nani Garsen angesoma Kihispania? Mtafsiri je? Mtafsiri si mtu, ni mashine inayokunywa soda.

Mwenye saiba alikuja akasimama nyuma yangu. "Abaayo, dada yangu, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kuna mtu anataka kutuzika wazima."

"Basi usilie kwa kompyuta yangu, wallahi itaharibika. Chapisha hiyo karatasi uende nayo."

Nilizituma zile kurasa tatu kama nilivyoagizwa. Ukurasa wa nne nikauchapisha, nikaukunja na kuutia kifuani, nikapanda bodaboda.

Mama alikuwa bandani anaosha trei. Alikuwa amezisimamisha juani safu mbili, zimeng'aa, na hakugeuka niliposalimia.

"Mama, kampuni itawaletea barua. Inasema mmevunja mkataba. Mlipeleka nusu."

"Nusu tulipeleka, nusu wakalipa. Ile ya lori si yao."

"Mkataba ulisema yote."

Akageuka. "Wewe umejuaje ilisema nini?"

Ningeweza kudanganya. Kwa yule bwana ningedanganya bila kupepesa. "Niliutafsiri mimi, mama. Ulipita kwangu."

"Lini?"

"Kabla hamjatia sahihi."

Aliiweka trei chini taratibu, akafuta mikono kwenye leso. Nilitaka anipigie kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele tangu Garsen. Hakupiga kelele, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuongea kwa sauti ya kawaida.

"Lile shamba la mbali unajua nililima kwa nini, na watu wananicheka."

"Najua."

"Ndugu yako nilimweka hapa. Wewe nikakupeleka mbali. Ng'ombe wawili niliuza kwa ile nauli. Nilisema, siku huku kukiharibika, kule kutakuwa na kitu. Kumbe kule kumezaa. Umevuna, ukakaa umekula peke yako, na sisi tuko na njaa unatuangalia."

Nilitoa karatasi kifuani nikampa, ingawa hawezi kuisoma, nikamweleza habari ya magunia. Aliniuliza maswali manne, yote ya maana, mpaka nikashangaa kwamba kampuni nzima ilidhani mtu huyu hawezi kuelezwa. Kisha aliirudisha karatasi na kuondoka kuelekea mtoni. Siku nne alinipikia, akaniandalia, na hakuniita mwanangu hata mara moja. Siku ya tano asubuhi aliniuliza, "Hiyo ya nne unaijua vizuri?"

"Naijua."

"Basi yule bwana akija utasoma wewe. Chai atagawa mtu mwingine."

Alikuja wiki tatu kamili baada ya barua kufika, na safari hii nyuma ya gari jeupe kulikuwa na pikapu tupu na wapakizi wawili. Akina mama ishirini walikuwa wamekaa bandani. Alipewa chai kwanza, desturi ni desturi, kisha akatoa nakala ya barua akaanza kuisoma kwa Kiingereza na kuitia Kiswahili. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ya kweli. Zilikuwa sentensi zangu. Nilizisikia zikitoka kinywani mwake moja baada ya nyingine, nadhifu, zimenyooshwa kama shati lake, nikajua kila moja niliipata wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliishona mwenyewe.

Alipomaliza, mama alisema, "Binti yangu atasoma iliyobaki."

"Hakuna iliyobaki, mama."

Nikasimama. Nikausoma ukurasa wa nne, mstari kwa mstari, kwa Kihispania, kisha Kiingereza ili aelewe yeye, kisha Kiswahili ili waelewe wote. Nilipofika mstari wa tatu aliacha kunywa.

"Madam, hiyo ni siri ya kampuni. Umeitoa wapi?"

"Kwa barua pepe yako."

"Kwani wewe ni nani?"

"Mtafsiri wako. Tunaongea kwa simu kila wiki. Hapa ni kwetu, na huyu mwenyekiti ni mamangu."

Nikaendelea mpaka mstari wa mwisho. Nikaleta yale magunia kumi ya mahindi. Mama mmoja wa nyuma, mpole kuliko wote, akauliza, "Bwana, hasara gani hii iliyonenepa hivi?" Kicheko kilipita bandani, si kirefu. Yule bwana alitoka akapiga simu kando ya gari. Tulimwona akizungukazunguka. Aliporudi alisema barua ile ilikuwa rasimu tu, ilitumwa kimakosa, kampuni haina dai. Nikamwambia aandike hivyo, na atie sahihi. Akaandika kwenye mgongo wa barua yenyewe, mama akaichukua. Kabla ya kuingia garini aliniambia nimevunja ahadi niliyoitia sahihi, na kwamba pwani yote hii sitapata tena kazi ya kutafsiri. Nilimwambia ni kweli nimeivunja, na ninachojutia ni kwamba nimechelewa miezi minane. Pikapu iliondoka tupu. Kikombe chake kilibaki nusu.

Nilidhani yamekwisha. Akina mama walikuwa wakipongezana, mmoja amenishika mkono, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kujiona mtu tena. Mama alikuwa amefungua sanduku la bati la kikundi. Alitoa ule mkataba, Kiingereza changu, kurasa kumi na moja, akaninyooshea.

"Keti. Hii hujatusomea."

"Mama, yamekwisha. Wameandika hawana dai."

"Keti. Anza mwanzo. Usiruke."

Nikaketi, nikaanza mwanzo. Niliusoma kwa Kiswahili, fungu kwa fungu, na kila fungu walinisimamisha, wakauliza, wakabishana, wakaniambia nirudie. Jua lilihama kutoka trei za upande mmoja mpaka za upande wa pili. Maswali waliyoyauliza yangemfaa yule bwana siku ile ya unga na sukari, na majibu nilikuwa nayo yote, kama nilivyokuwa nayo siku ile. Nilipofika fungu la tisa nilisoma polepole. Mavuno yote. Si baadhi bali yote. Mashine na trei.

Mama alinyoosha kidole akakiweka juu ya fungu hilo.

"Siku watu wanasomewa karatasi hii hapa," mama akasema, "wewe ulikuwa wapi?"

Alijua nilikuwa wapi. Wote walijua, kila mmoja wao alipokea kikombe kutoka mkononi mwangu.

"Nilikuwa pale nyuma, mama. Nikigawa chai."

"Soma tena hapo," akasema, na mimi nikasoma tena.